Volti 170 kwenye waya usio na moto

Upepo ulivuma Tanga usiku kucha, na kabla ya alfajiri tawi la mwembe likaangukia nyaya za mtaa wetu. Umeme haukukatika, na hilo ndilo lililotutisha. Kwetu balbu zilififia zikawa nyekundu kama makaa yaliyofunikwa majivu, na jiko la umeme alilowasha mama likashindwa hata kupasha maji ya chai. Nyumba ya pili taa ziliwaka kwa weupe wa kuumiza macho, televisheni ikatoa mlio na moshi, kisha friji nayo ikanyamaza. Nguzo ni moja, nyaya ni zile zile, lakini huku umeme umepungua na kule umezidi.

Nilikuwa nyumbani kwa likizo baada ya mwaka wa kwanza wa shahada ya uhandisi umeme. Majirani wakaja mlangoni, kanga mabegani. "Mwanangu yupo, ndiyo anasomea mambo hayo hayo," mama akawaambia, kwa sauti ya mtu aliyeuza mbuzi ili mwanawe asome. Nikatoka, nikasimama chini ya nguzo, nikahesabu nyaya, nikaona mmoja unaning'inia. Mtihani wa saketi nilikuwa nimeufaulu vizuri tu. Hapo nguzoni sikuwa na la kusema.

Aliyesema ni jirani wa nyumba ya nne, fundi mtu mzima aliyeishia darasa la saba, ambaye tesita haikutoka mfukoni mwa shati lake hata siku ya Idi. Aliingia kwetu, akachomeka tesita kwenye tundu la soketi ambalo kila mtu anajua halina moto. Ikawaka. "Nyutro imekwenda," akasema, na papo hapo akaamuru kila nyumba izime swichi kuu, mtu asiguse hata kishikio cha balbu. Watu wa zamu walipofika na ngazi, waliunga waya ule ule alioutaja. Saa tatu asubuhi tukanywa chai.

Nilirudi chuoni na swali: fundi alijuaje? Likazaa la pili, gumu zaidi: kama yeye anajua bila shahada, mimi miaka minne nafuata nini? Mzazi ambaye mtoto wake anajaza fomu za vyuo, matokeo ya PCM mkononi, huenda anajiuliza hilo hilo. Jibu nililipata kwa vipande, na kipande cha mwisho nilipewa na fundi yule yule.

Kutoka Nairobi hadi Mlimani

Kuna wakati kijana wa Tanzania aliyetaka shahada hii alilazimika kuvuka mpaka. Katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichoundwa mwaka 1963, nchi tatu ziligawana fani: Makerere ilikuwa na udaktari, Dar es Salaam ikaanza na sheria, uhandisi ukawa Nairobi. Chuo hicho kilivunjwa mwaka 1970, kila nchi ikabaki na chake. Mwaka 1973 Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikafungua Kitivo cha Uhandisi kwa msaada wa Wajerumani, kikianza na ujenzi, mitambo na umeme. Ndicho ambacho leo ni Ndaki ya Uhandisi na Teknolojia.

Haraka ilikuwa na sababu yake. Sisi watu wa Tanga tulijivunia Hale, kituo cha megawati 21 kilichoanza kuzalisha mwaka 1964 kwa maji ya mto Pangani. Lakini wakati kitivo kinafunguliwa, kule Kidatu kwenye mto Ruaha Mkuu kulikuwa kunajengwa kituo ambacho baadaye kilifikia megawati 204. Mtu hawezi kujenga mitambo ya ukubwa huo halafu akaazima wa kuiendesha milele. Na hesabu imezidi kukua: katika Bwawa la Julius Nyerere, Rufiji, mashine moja tu ina megawati 235, sawa na Hale kumi na moja na ushee. Mashine ziko tisa, jumla megawati 2,115.

Siku hizi mtoto hana hata haja ya kung'ang'ania Mlimani. DIT, iliyotokana na chuo cha ufundi cha Dar es Salaam, inatoa shahada ya uhandisi umeme, na Mbeya na Arusha nako kuna vyuo vya ufundi vilivyopanda ngazi hiyo. Mlango ni mpana kuliko zamani. Kilichomo ndani hakijalainika.

Kinu na michi mitatu

Anayeingia akidhani atapewa koleo na bisibisi siku ya kwanza hupewa hesabu. Hesabu asubuhi, hesabu mchana, na usiku kwenye vimbweta, zile meza za saruji chini ya miti ambako wanafunzi wa Mlimani hupiga msuli mpaka mbu wachoke. Sheria ya Georg Ohm ya mwaka 1827 na zile mbili za Gustav Kirchhoff za mwaka 1845 zinakwisha wiki za mwanzo, na hizo peke yake zingetosha kwa nyaya za nyumba. Baada yake zinakuja Fourier na Laplace, kisha sumakuumeme ya Maxwell, somo lililonipa sapu (mtihani wa kurudia) yangu ya kwanza na ya mwisho.

Ugumu mmoja hauandikwi kwenye mtaala. Ukumbini tunafundishwa kwa Kiingereza, mtihani ni Kiingereza, lakini kuelewa kwenyewe kunafanyika kimbwetani, kwa Kiswahili. Hapo ndipo mmoja wetu anachora bomba na tangi na kusema volteji ni kimo cha tangi, mkondo ni maji yanayopita, ukinzani ni wembamba wa bomba. Mfano huo ulituvusha muhula mzima. Halafu mwenzetu mmoja, msichana aliyekuwa na tabia ya kuuliza swali wakati wengine wanafunga madaftari, akauliza: bomba likikatika maji yanamwagika; mbona waya ukikatika umeme haumwagiki? Tukanyamaza. Kila mfano una mahali unapoishia, na anayesoma umeme anatakiwa kujua mahali hapo pako wapi.

Kwa umeme wa njia tatu bomba halifai kabisa. Mfano ulionisaidia ni wa akina mama watatu wanaotwanga kinu kimoja kwa kupokezana. Kila mchi unapanda na kushuka, lakini haupandi pamoja na wenzake; kila mmoja umechelewa theluthi moja ya mzunguko nyuma ya aliyetangulia. Badala ya pigo moja kila baada ya muda, kinu kinapata mapigo matatu. Fezi tatu ndivyo zilivyo, isipokuwa kila moja inamaliza mzunguko mara 50 kwa sekunde.

Kinu hicho kinajibu fumbo ambalo mafundi wengi wanalijua bila kuambiwa sababu. Pima fezi moja hadi nyutro, unapata volti 230. Pima fezi hadi fezi, ungetegemea 230 na 230 zifanye 460. Mita inasema 400. Sababu ni kwamba mchi wa kwanza ukiwa juu kabisa, wa pili haujafika chini kabisa. Tofauti kati yao haifiki mara mbili. Inafika mara 1.73, yaani kipeuo cha pili cha tatu.

Ili kujumlisha vitu vinavyopanda na kushuka kwa nyakati tofauti, mwanafunzi anapewa namba changamano, zenye kipeuo cha pili cha hasi moja ndani yake. Wanahisabati huiandika kwa herufi i. Sisi tunaandika j, kwa kuwa i tumekwisha ipa mkondo. Nilidhani ni mchezo wa watu wenye nafasi. Kumbe aliyeueneza, Charles Steinmetz, Mjerumani aliyehamia Marekani, aliuleta mbele ya wahandisi mwaka 1893 ili kuwapunguzia kazi: hesabu iliyojaza kurasa ikawa mistari michache. Namba ambayo haiwezi kuhesabu hata embe ndiyo inayotuambia umeme uko wapi katika mzunguko wake.

Na nyutro? Michi mitatu ikiwa na uzito sawa, kinu hakiyumbi. Mikondo ya fezi tatu ikilingana, inafutana pale inapokutana, na nyutro haibebi kitu. Isipolingana, nyutro inarudisha tofauti. Ndiyo inayoshika kinu kisiyumbe. Mtaani mizigo hailingani hata siku moja: huyu anapika, yule anatazama mpira, wa tatu amesafiri.

Usiku niliolielewa hilo nilirudi bwenini nikachukua karatasi. Nyumba yetu, yenye jiko la wati 2,300, niliipa ukinzani wa omu 23. Ya jirani, yenye televisheni, friji na taa, nikaipa omu 100. Nyutro ikiwapo, kila nyumba ina volti 230 zake. Nyutro ikikatika, nyumba mbili zinakuwa shanga mbili kwenye uzi mmoja, na uzi umefungwa kati ya fezi na fezi. Volti 400 kugawanya kwa omu 123 ni ampia 3.25. Zidisha kwa 23, kwetu zinabaki volti 75. Zidisha kwa 100, kwa jirani zimefika 325. Jiko la mama lilikuwa limebaki na wati 240 hivi, na televisheni ya jirani ilibebeshwa mzigo ambao haikuumbiwa. Wenye matumizi makubwa walipata umeme kidogo, wenye matumizi madogo wakaunguzwa. Mistari minne ya penseli ilitosha kueleza asubuhi nzima ya aibu yangu.

Mwandishi wa kundi

Maabara ndiyo iliyoniumbua. Kundi la watu watano lina kazi mbili: kushika vifaa na kuandika namba. Mimi nilikuwa mwandishi. Nilikuwa na mwandiko mzuri, nikaufanya kisingizio. Wenzangu walifunga nyaya kwenye mota, wakazungusha vifundo vya osiloskopu mpaka wimbi likatulia kiooni. Mimi nikachora majedwali. Ripoti ilipata alama nzuri, na alama ni za kundi zima. Hakuna mtihani ulioniuliza kama mikono yangu imewahi kukaza skrubu.

Aliyeuliza ni fundi wa kiwandani. Shahada ya uhandisi ina mafunzo ya vitendo ambayo wanafunzi huyaita PT tu, kila likizo ndefu kati ya mwaka na mwaka. PT yangu ya pili nilipelekwa kwenye kiwanda kimoja, chini ya fundi msuka mota. Kusuka mota ni kutoa waya wa shaba ulioungua ndani ya mota na kuuzungusha upya, mzunguko kwa mzunguko, kwa idadi ile ile. Siku ya kwanza mota moja ilikuwa inaunguruma bila kuzunguka. Nikaanza kumweleza habari za uga wa sumaku unaozunguka. Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akainamisha pua. "Hii imekosa fezi moja," akasema. "Ukiendelea kusema kidogo tu itaungua."

Alikuwa sahihi, na nilichokuwa nikimweleza nacho kilikuwa sahihi. Fezi ikikosekana, uga hauzunguki tena; unapiga kwenda na kurudi mahali pamoja, mota iliyosimama haiwezi kuanza, na mkondo unaopita ni mkubwa kupita kiasi. Vanishi ya waya inaanza kunuka, ndiyo harufu aliyoifuata. Tofauti yetu ilikuwa dakika mbili, na mota haina subira ya dakika mbili.

Wiki zile alinifundisha mambo ambayo sikuyaona kwenye daftari lolote. Usiamini swichi imezimwa mpaka umepima mwenyewe. Kabla ya kupima waya unaodhani umekufa, jaribu kipimo chako kwenye waya ulio hai, usije ukawa umeshika mita mbovu. Kapasita huweka umeme hata baada ya mashine kuzimwa, kwa hiyo imwage kwanza. Nami nilimlipa kwa kitu kimoja. Kiwanda kilikuwa na mota iliyoungua kila baada ya miezi michache, naye kila mara aliisuka upya kwa uhodari ule ule. Tulipima fezi tatu zote, tukakuta hazilingani. Nikamwonyesha kwenye karatasi kwamba tofauti ndogo ya volti kati ya fezi huzaa tofauti kubwa zaidi ya mkondo ndani ya mota, na joto linafuata. Alikuwa akimtibu mgonjwa wakati maradhi yako kisimani. Wakahamisha mizigo ya njia moja iliyorundikwa kwenye fezi moja. Sikukaa hadi kuona mwisho wake, lakini siku ya kuaga aliniachia koleo lake la zamani.

Hapo nikaanza kuelewa mgawanyo wa kazi. Fundi anakijua kilichokwisha tokea, na anakijua haraka kuliko mtu yeyote. Hesabu inamwezesha mhandisi kukijua kabla hakijatokea, hata mahali ambapo hajawahi kufika. Reli ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam mwaka 2024, inavuta treni zake kwa waya wa juu wenye volti 25,000. Hakuna anayeweza kujifunza waya huo kwa kuungua kidogo kidogo. Lazima kila kosa liwe limetokea kwanza kwenye karatasi.

Joho si leseni

Familia nyingi hudhani safari inaishia kwenye mahafali. Picha zinapigwa, pilau linaliwa, na kuanzia siku hiyo kijana anaitwa injinia. Sheria haiendi mbio hivyo. Mhitimu husajiliwa kwanza na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, kama mhandisi mhitimu, kisha anatakiwa kufanya kazi chini ya uangalizi wa mhandisi mtaalamu. Mpango wa bodi unaoitwa SEAP, ulioanza mwaka 2003, umewekwa kwa ajili hiyo, nao huchukua miaka mitatu. Baada ya hapo ndipo anapoweza kuomba kusajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu.

La kushangaza wengi zaidi ni hili: shahada peke yake haimruhusu mtu kufunga umeme kwenye nyumba ya shangazi yake. Leseni za kazi hiyo hutolewa kwa madaraja na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na fundi wa mtaani mwenye leseni yake anaweza kuweka saini mahali ambapo mhitimu wa daraja la kwanza hana ruhusa. Nimeona vijana wakiudhika kwa hilo. Mimi naliona ni haki. Nyumba haiulizi GPA.

Kazi nazo hazingoji mlangoni. Wapo wenzangu waliokwenda kwenye mitambo ya gesi, waliokwenda migodini, kwenye minara ya simu, kwenye umeme wa jua vijijini. Wapo waliozunguka na bahasha ya kaki kwa miaka. Na yupo mmoja aliyekuwa mwandishi wa kundi, akabaki mwandishi, ndiye mnayemsoma. Siijutii miaka minne ile. Sijakutana na fani nyingine iliyonilazimisha kila siku kuamini kitu ambacho macho hayakioni, pua haikinusi mpaka kimeharibika, na mkono ukikigusa umechelewa.

Karatasi barazani

Deni lilibaki Tanga. Nilipomaliza chuo nilikwenda kumsalimu fundi wetu na karatasi yangu ya bwenini, nimeitunza miaka yote hiyo. Nilimkuta barazani, kahawa na kashata pembeni, vijana wake wawili wakipanga nyaya.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, injinia. Umeshajua sasa?"

Nikamfungulia karatasi. Nikamweleza shanga mbili na uzi mmoja, volti 75 za kwetu na 325 za jirani. Alifuata kwa kidole, mstari kwa mstari, akitikisa kichwa kukubali. Alipofika mwisho akaigeuza kuona kama nyuma kuna kitu. Hakukuwa na kitu.

"Na nyutro yenyewe je?" akauliza. "Ile ya ndani ya nyumba. Mtu akiishika asubuhi ile, amesimama chini peku, inampiga kwa ngapi?"

Sikuwahi kuikokotoa. Miaka mitatu nimebeba hesabu ya televisheni na jiko. Hesabu ya mtu sikuifanya. Na jibu halitoki kwa kugawanya tu, kwa sababu hapo lazima ujumlishe fezi mbili zenye nyakati tofauti, kila moja kwa uzito wa mzigo wake. Nikageuza karatasi, nikaanza na j zangu. Alininywesha kahawa nikiwa naandika. Vikombe viwili baadaye nikapata: volti 170.

Kimya kikapita. Vijana wake wakaacha nyaya.

"Mimi tesita iliniambia ipo," akasema mzee. "Haikuniambia ni nyingi namna hiyo." Kisha akawageukia. "Mmesikia? Kila siku mnanibishia kwamba nyutro haina neno."

Akaniomba niiandike upya, kubwa, kwa wino. Akaibandika ndani ya kifuniko cha sanduku lake la vifaa, mahali ambapo kila anayechukua koleo ataiona. Nikadhani deni limekwisha, nikasimama kuaga. Akatoa tesita mfukoni mwa shati, akanipa, akanionyesha soketi iliyokuwa ukutani nyuma yangu.

"Haya," akasema. "Sasa wewe nionyeshe unavyoishika."